Mama Mwenye Mimba na Chungu cha Nyumbani

Mwaka mmoja, katika majuma ya Kwaresima, mke wa jirani yetu alianza kukawia kisimani. Kilima alichozoea kukipanda bila kupumzika sasa alikipanda kwa vituo vitatu, ndoo chini, mkono kiunoni. Mimba yake ilikuwa ya mwezi wa sita. Mumewe, mtu mwema na msali, alitueleza kwa sauti ya chini kwamba mkewe amekuwa mvivu. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa jicho baya. Nasi tuliona jambo jingine: mara kwa mara alifungua pindo la kitenge chake, akatoa kipande cha udongo mweupe, ule uitwao pemba sokoni, akautafuna kwa siri.

Siku walipokwenda dispensari tuliwasindikiza. Sista muuguzi akavuta kidogo ukope wa chini wa yule mama, na ndani hapakuwa na wekundu. Palikuwa peupe kama ugali wa muhogo. Akapima damu. Mama mwenye mimba yampasa kuwa na gramu 11 za himoglobini, au zaidi, katika desilita moja ya damu. Yeye alikuwa na 8.

Sista akamgeukia mume. «Baba, jana mlikula nini?»

«Ugali na sombe, Sista, na ndagala kidogo.»

«Na hizo ndagala, zilikwenda katika sahani ya nani?»

Jirani yetu akatazama viatu vyake. Sisi nasi hatukuthubutu kumcheka, kwani tulikumbuka sahani zetu wenyewe nyumbani.

Wasomaji wapendwa, yafaa tujue mwili wa mama unafanya kazi gani wakati huo. Damu yake huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza, maana inalisha watu wawili. Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, na himoglobini haiwezi kutengenezwa pasipo madini ya chuma. Ndiyo hiyo inayobeba hewa safi toka mapafuni na kuipeleka katika viungo vyote. Kwa mimba moja mama huhitaji karibu gramu nzima ya chuma. Neno hilo laonekana dogo, lakini mwili hupokea chuma kwa uchoyo mkubwa, chembe kwa chembe. Akiba ikiisha, mama huchoka, moyo humwenda mbio, hupumua kwa shida, kichwa humzunguka. Mtoto aweza kuzaliwa kabla ya wakati, au mdogo mno. Tena siku ya kujifungua, damu ambayo mama mwenye afya angeweza kuipoteza akapona, yaweza kumwua yule asiye na akiba. Ndiyo sababu hatupendi kusikia neno uvivu likitajwa ovyo.

Chuma kiko katika vyakula vyetu, ila si vyakula vyote vinavyokitoa kwa urahisi. Chuma cha nyama, ini, kuku na samaki huingia mwilini upesi. Kile cha maharagwe, sombe, lengalenga na matembele huingia kwa shida, na sehemu kubwa hupita tu. Je, maskini asiyeweza kununua nyama afanye nini? Hapa ndipo hekima ya mpishi inapohitajiwa. Ndagala chache zikitiwa katika maharagwe, huleta chuma chao wenyewe, tena husaidia kile cha maharagwe kipokelewe. Viwavi vilivyokaushwa, ambavyo vijana wetu wa mjini wameanza kuvionea haya, vina chuma kingi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe. Sombe ipikwe mpaka iive kabisa kama mama zetu walivyotufundisha, kwani mbichi ina sumu. Kisha, chakula kikiwa tayari mezani, mama akamulie ndimu juu ya mboga, au ale pera, chungwa au papai papo hapo. Vitamini C iliyomo katika matunda hayo hufungulia chuma mlango. Lakini moto huiharibu, kwa hiyo ndimu isichemshwe chunguni. Katika nchi yetu ya Kivu mapera huoza chini ya miti, nasi twaona ni chakula cha watoto na ndege!

Upande mwingine kuna adui, naye ni rafiki yetu sana: chai. Mwaka 1975 wataalamu wa Afrika Kusini walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba chai inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini. Kahawa nayo hufanya hivyo. Hatusemi chai iachwe. Ingojewe saa moja au mbili baada ya chakula. Pemba nayo yaweza kukamata chuma tumboni, na mara nyingine huleta mayai ya minyoo. Tena ajabu yake ni hii: hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu wenyewe, hata mama hula kile kinachomzidishia. Basi asichekwe, apimwe damu.

Wazee wa pwani walikuwa na neno safura, lenye maana ya ugonjwa wa minyoo na pia ya upungufu wa damu unaotokana nao. Walisema kweli, kwani minyoo hunyonya damu, na malaria huiharibu. Pasipo choo kizuri, viatu na chandarua, chungu peke yake hakitoshi. Dawa ya minyoo na ya kukinga malaria mama asizitafute sokoni. Dispensari ndiyo ijuayo ni katika mwezi gani wa mimba azinywe.

Vilevile damu ikiisha kupungua, chakula peke yake hakiirudishi upesi. Shirika la Afya Duniani hushauri kila mama mwenye mimba apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na asidi foliki. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, wala si jambo la kuogopa. Aliye na upungufu tayari hupewa kipimo kikubwa zaidi na muuguzi.

Kuhusu Kwaresima, yule mama alikuwa anafunga. Alipoulizwa, alisema aliogopa kumkosea Mungu. Padri alimwambia waziwazi kwamba Kanisa halimdai mfungo mama mwenye mimba, wala anyonyeshaye. Tena siku ya Ijumaa, samaki hawakatazwi kwa mtu yeyote. Ndagala ni samaki.

Mtoto alizaliwa baada ya Pentekoste, msichana mwenye sauti kubwa. Mama aliendelea na vidonge vyake kwa majuma kadhaa baadaye, kama Sista alivyomwagiza. Katika nyumba ile ndagala sasa huhesabiwa mbele ya wote, na mama hupakuliwa kwanza. Chai hutengwa saa nzima baada ya kula. Jirani yetu hunung'unika kila jioni, lakini huingoja.