Mtoi wa 2011 Alivyoninyoosha

Mara ya kwanza niliingia Luthuli na thao nane kwa soksi. Mathe alikuwa amenishow tao si kwa nyanyako, nikaskia. Hiyo doo nilikuwa nimeisanya miezi saba nikiosha kapeti za majirani huko Umoja, na plan ilikuwa moja tu: PSP, ile gemu ya mkononi ya Sony.

Nikapanda ngazi za eksibisheni moja, zile zimegawanywa na mbao hadi kila msee anauzia kwa nafasi ya kabati. Kwa kioo kulikuwa na PSP mbili. Moja ilikuwa mnono, rangi imechapa kwa kona, yaani ukiiona unajua imepita mikono. Ingine ilikuwa nyeusi ka makaa, haina hata mkwaruzo. Hapo ndio nikauliza swali ya kifala kuliko zote nimewahi uliza:

"Buda, ipi ndio mpya?"

Jamaa hakunidanganya, na hiyo ndio huniuma hadi leo. "Hii nyeusi, mkubwa. Hii ndio ya mwisho kutoka. Hiyo ingine ni mzee." Nikavua njumu hapo hapo, nikamhesabia.

Jioni nikaishia Kayole kwa kaso wangu. Yeye alikuwa na ile mnono, ya kwanza kabisa. Form ilikuwa Tekken, mimi na yeye, kila mtu na skrini yake. Tukaketi kwa ngazi za ploti. Akasukuma kaswichi ka Wi-Fi pale kushoto kwa yake, akaingia kwa gemu, kataa ka kijani kakaanza kupepesa. Akaniangalia.

"Washa yako."

Nikapapasa kushoto. Hakuna kitu. Nikapapasa juu. Hakuna. Nikaigeuza polepole, ka msee anatafuta tarehe kwa pakiti ya maziwa. Kaso akaninyang'anya, akaicheki mara moja, akacheka hadi mathe wake akatoka nje kujua ni nini.

"Bro, hii ni Street. Hii haijawahi kuwa na Wi-Fi."

Manze. Nilicheza pekee yangu hiyo usiku yote, na spika moja inalia ka redio ya soja.

Tangu hiyo siku nimesoma hii familia ka nasoma ya mtihani, juu sitaki ukaingie Luthuli na hilo swali langu. Kaa hapa tubonge.

PSP ya kwanza, wasee huiita 1000, iliuzwa Japani Desemba 2004, Marekani ikaingia Machi 2005. Skrini ya inchi 4.3, na gemu zinakuja kwa kadiski kadogo kanaitwa UMD, kanabeba hadi giga 1.8. Ni nzito, gramu 280, na ukicheza ukiwa umelala halafu usinzie, itakuamsha na pua. Lakini ilikuwa imejengwa ka ya wanaume wa mjengo, na betri yake ilikuwa mAh 1800, kubwa kuliko za wenzake wote waliokuja nyuma. Shida zake ni mbili. Kwanza skrini inaacha kivuli: gari ikipita mbio unaona mkia wake nyuma. Pili haikubali chaji ya USB, inadai chaja yake pekee. Ukisahau hiyo chaja ocha, umeisha.

2007 ikakam 2000. Hii ilienda jimu: kutoka gramu 280 hadi 189. Memori ya kufanyia kazi ikapandishwa mara mbili, kutoka mega 32 hadi 64, so gemu ya UMD haikuweki ukingoja ka foleni ya kitambulisho. Na ikaanza kuchaji kwa USB. Kwa mtaa yenye stima hupotea bila kuaga na pawabenki ndio uhai, hiyo si jambo ndogo. Lakini cheki walichukua nini: betri ikashuka hadi 1200. Mwili ulikonda na tumbo pia.

2008, 3000. Skrini ikapata rangi kali, na ukitoka nje kwa jua bado unaona unachofanya. Ukiwa na ile tivii ya kisogo ya mbuyu, unaunganisha waya na gemu inaingia. 2000 pia huunganishwa na tivii, lakini kwa gemu inadai tivii ya kisasa kidogo. 3000 pia iliwekewa maiki ndani, na moja ya kazi zake ilikuwa Skype. Skype yenyewe ilizimwa Mei 2025, so usilipie hiyo maiki hata bob. Halafu kuna kitu wauzaji hawakushow: picha ikikimbia, hiyo skrini kali inatoa mistari myembamba imelala. Kuna wasee hawaioni kabisa. Kuna wengine wakishaiona mara moja hawawezi kuilenga tena maisha yao yote.

2009 wakaleta Go. Hii ni ya wasee wa swagger: unaisukuma inafunguka, skrini inchi 3.8, Bluetooth ndani, giga 16 za kuweka gemu. Wakang'oa UMD kabisa. Kila gemu ilikuwa unainunua kwa mtandao wa Sony, na siku hizi hiyo duka haifunguki tena kwa PSP yenyewe. Go ikabaki ka keja ya maana kwa ploti haina maji. Ni ya kupendeza, lakini utaishije?

Halafu 2011, mtoi wa mwisho. Street, namba yake E1000. Sony ilidai PSP ya bei ya chini, Ulaya ikawekwa yuro 99.99, na bei haishuki bila mtu kukatwa mkono. Wi-Fi ikatolewa. Spika mbili zikawa moja. Maiki ikaenda. Yule jamaa wa Luthuli alikuwa ananishow ukweli mtupu: hii ndio ilikuwa ya mwisho kuzaliwa, na ndio ilipata urithi kidogo zaidi. Miaka tatu baadaye, 2014, hata Japani ikaacha kupelekewa PSP madukani.

Umeona rieng? Kila modeli walipeana kitu na mkono mwingine ukachukua kitu. Namba ya modeli haikushow nani ni mkali. Inakushow tu nani alikam lini. Swali ya maana ni hii kitu ilinyimwa nini, na hicho walichonyima, mimi nakitumia?

Ka unachezanga na mbogi, Street isahau, hata uuziwe bei ya chapo mbili. Ka unacheza pekee yako kwa mat ya Rongai, Street itakufaa tu, na usiskize mtu akikuchekelea. Ka uko na mikono mikubwa na hujali uzito, chukua mnono. Mimi nikiambiwa nitoe pesa yangu leo, naenda na 2000. Haina mistari, ni nyepesi, inachaji kwa pawabenki, na Wi-Fi iko, kaswichi kamewekwa pale juu. Kukosa maiki nimechorea. Nani ananipigia?

Lakini chunga, hizi ni vitu za miaka mingi. Modeli poa yenye imechapa ni mbaya kuliko modeli mbaya yenye iko fiti. So ukifika kwa kioo, usione haya, kagua.

Anza na namba. Iko nyuma, ukiikosa na betri yake ni ya kutoka, itoe ucheki ndani. Usiangalie mbele pekee: 1000 na 2000 ziko na batani imeandikwa HOME, lakini 3000 na Street zote ziko na alama ya PS hapo, na hivyo ndio msee anauziwa Street akidhani amebeba 3000. Namba kamili imeandikwa hapo ikiisha na sifuri, hiyo imetoka Japani, na huko mduara ndio ndio, msalaba ni hapana. Utakosea wiki mbili halafu utazoea.

Ukishatoa betri, iweke juu ya kioo uizungushe. Betri poa inalala flati. Ikizunguka ka pia, imefura tumbo, na betri imefura si ya kubembeleza, itisha ingine ama uhepe. Halafu weka gemu, yoyote yenye msee anatembea, na utoe kidole kwa kale kamduara ka kuelekeza. Ukiona msee anaendelea kutembea pekee yake ka amelewa, hako kamduara kameisha. Fundi atakabadilisha, lakini hiyo ganji ya fundi toa kwa bei saa hiyo hiyo. Fungua mlango wa UMD mara tatu, ufunge mara tatu. Bonyeza L na R ukiskiza klik. Na ka ni ya kucheza na wasee, sukuma kaswichi ka Wi-Fi ukiwa bado ndani ya duka. Mimi najua kwa nini nakushow hivyo.

Kuna msee sai anasema, si niweke tu PPSSPP, ile app ya kucheza gemu za PSP, kwa simu? Enyewe hiyo pia ni poa. Henrik Rydgård aliitoa 2012, na hapa mtaani wasee wengi walijua God of War ya PSP kwa kioo cha simu kabla washike PSP yenyewe. Lakini simu haina batani. Kidole kinafunika adui, jasho linateleza, halafu uko kwa mkubwa wa mwisho, mathe anapiga kuuliza ka umetoa nguo kwa kamba. PSP haipigiwi na mathe.

Na usidhani haya ni mambo ya wazee pekee. Nintendo wamekuwa wakifanya hiyo hiyo. Switch Lite ilitoka 2019, miaka miwili nyuma ya Switch ya kwanza, na haiunganishwi na tivii. Switch ya 2021 ilipewa skrini ya OLED, nyeusi yake ni nyeusi ya usiku. Switch 2 ikakam Juni 2025 na nguvu mingi na skrini kubwa zaidi, lakini ikarudi kwa LCD. Ukinunua mwaka, utabeba mwaka.

Juzi nimerudi Luthuli, kwa eksibisheni ingine, kutafuta betri. Kando yangu kulikuwa na mtoi, labda fomu tu, ameshika begi ya shule kwa kifua ka imebeba dhahabu. Kwa kioo, PSP mbili. Namskia anameza mate, halafu: "Buda, ipi ndio mpya?"

Muuzaji akaanza kunyoosha mkono kwa ile nyeusi.

"Utakuwa unacheza na nani?" nikamuuliza mtoi.

Akaniangalia ka mimi ni karao. "Na brathe yangu. Ako na yake."

Sikubonga tena. Nikaomba ile ingine, 2000 ya fedha yenye kona moja imelika, nikamwekea kwa mkono, nikamshow atafute kaswichi pale juu. Akapapasa, akakapata, akasukuma.

Klik.

Akainama kufungua kamba ya kiatu.