Je, Wajua? Shinyanga jua halichelewi kuzama

Mpiga picha wa mandhari mjini Shinyanga ana takriban dakika 25 tu za ule mwanga laini wa manjano kabla ya magharibi. Mji uko chini kidogo ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na huku jua hushuka karibu wima. Stockholm mwezi Juni hushuka kwa mshazari, mwanga ukadumu zaidi ya saa nzima. Wenzetu wana bahati. Basi stendi ya kamera isimamishwe mapema.

Mchana usijisumbue. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena karibu na katikati ya Machi, baina ya saa 6:30 na 7:00, jua husimama utosini: majabali yote huonekana bapa. Hata ngazi za mashimo ya dhahabu ya Geita huhitaji mwanga wa ubavuni ili kina chake kionekane.