Ufukwe, Watoto na Zamu ya Ulinzi: Mapumziko ya Familia za London

London haiko kando ya bahari, lakini maji ya bahari huifikia mara mbili kila siku. Mto Thames, unaoukata mji huo kutoka magharibi hadi mashariki, hupwa na kujaa kama hori la Mombasa, na katika siku za bamvua, yaani zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hupanda na kushuka kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa karibu na Daraja la London hufikia mita 7 hivi. Wakazi wengi hulivuka daraja hilo wakiwa ndani ya mabasi bila kuligundua jambo hili, ilhali ndilo lililowezesha mojawapo ya majaribio ya ajabu katika historia ya mapumziko ya familia, yaani ufukwe wa mchanga uliotengenezwa kwa makusudi chini ya kuta za ngome ya Tower of London kwa ajili ya watoto wa maskini.

Ufukwe huo, ulioitwa Tower Beach, ulifunguliwa Julai 1934. Wakati huo mitaa ya East End, yaani upande wa mashariki wa mji uliokaliwa na makuli wa bandarini, mafundi cherehani na wahamiaji, ilikuwa na watoto wengi ambao bahari waliisikia tu, kwa kuwa nauli ya garimoshi kwa familia kubwa ilikuwa mzigo usiobebeka kwa ujira wa siku. Mchungaji Philip Clayton, wa kanisa la All Hallows lililo jirani na ngome, alikuwa mstari wa mbele katika kuupigania mpango huo, na matishari 1,500 ya mchanga yakamwagwa ukingoni ili kuufunika udongo na mawe ya mto. Mfalme George V aliahidi kwamba watoto wa London wangekuwa na ruhusa ya kuutumia bure milele. Ngazi ilishushwa maji yalipokupwa na kuondolewa yalipoanza kujaa, na kati ya 1934 na 1939 zaidi ya watu nusu milioni walishuka kwenye mchanga huo. Vita vya Pili vya Dunia viliufunga, amani ikaufungua tena, lakini uchafu wa mto, mto ambao mwaka 1957 wanasayansi wa jumba la makumbusho la Natural History Museum waliutangaza kuwa umekufa kibayolojia, ulifanya wakuu wa mji waufunge ufukwe kabisa mwaka 1971. Milele ya mfalme ilidumu miaka 37.

Habari ya ngazi ile inastahili kutazamwa kwa makini kuliko ya mchanga wenyewe, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo matangazo ya hoteli za pwani hulificha. Mzazi mwenye watoto wadogo hapumziki kwa kuwa bahari ni nzuri, wala kwa kuwa jua limewaka, bali hupumzika pale tu anapojua kwamba kuna mtu mwingine anayewaangalia watoto. Kule Tower Beach kazi hiyo ilibebwa kwa kiasi na mwenye kushusha na kupandisha ngazi, na historia nzima ya kupunga upepo kwa familia za London inaweza kusomwa kama historia ya kumtafuta mtu huyo.

Kwanza, hata hivyo, ilibidi ipatikane siku yenyewe. Katika karne ya 18 bahari ilikuwa dawa ya matajiri, hasa baada ya daktari Richard Russell kuandika kuhusu tiba ya maji ya chumvi, ambayo wagonjwa waliyaogelea na hata kuyanywa. Reli ilipofika Brighton mwaka 1841 na Southend mwaka 1856, bahari ikawa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini mfanyakazi hakuwa na siku ya kwenda nayo. Sheria ya mwaka 1871, iliyopelekwa bungeni na Sir John Lubbock, iliweka sikukuu za benki, yaani siku za mapumziko ambazo benki hufungwa na shughuli nyingine nyingi husimama pamoja nazo, mojawapo ikiwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, ambayo baadaye ilihamishiwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo. Likizo yenye malipo ilichelewa zaidi, kwani ni mwaka 1938 tu ndipo bunge lilipopitisha sheria ya kuihimiza, na kiwango kilichotajwa kilikuwa wiki moja.

Billy Butlin, mfanyabiashara aliyezaliwa Cape Town mwaka 1899, aliiona wiki hiyo kabla haijafika. Mwaka 1936 alifungua kambi ya mapumziko Skegness, katika pwani ya mashariki ya Uingereza, na mwaka 1938 akafungua nyingine Clacton, iliyo karibu zaidi na London, kwa wito kwamba mtu alipie wiki ya mapumziko kwa mshahara wa wiki. Kambi hizo zilikuwa na vibanda vya kulala, ukumbi wa chakula, michezo na dansi. Juu ya yote hayo, zilikuwa na walinzi wa usiku waliozunguka kati ya vibanda wakisikiliza vilio vya watoto wachanga, na mtoto alipolia, wazazi wake waliarifiwa huko huko dansini. Wapo wanaozikumbuka kambi hizo kwa kuzidhihaki, kwa sababu ya vipaza sauti vyake na ratiba zake zilizofanana na za jeshi, na dhihaka hiyo ina haki yake, lakini mama aliyecheza dansi nzima kwa mara ya kwanza tangu ajifungue huenda hakuiona ratiba kuwa tatizo.

Wasioweza kulipia hata kambi walikuwa na njia yao. Kila mwisho wa kiangazi, mpaka mashine zilipochukua kazi hiyo katikati ya karne ya 20, maelfu ya akina mama wa East End walikwenda na watoto na majirani zao katika mashamba ya Kent kuchuma hops, yaani maua ya mmea unaoipa bia uchungu wake. Ilikuwa kazi ya kibarua, na vibanda walivyolala vilikuwa duni, lakini familia za mtaa mmoja zilipanga vibanda jirani, zikapika kwenye moto mmoja, na mtoto wa huyu akaonywa na yule bila mtu kuudhika. Wengi waliokulia katika safari hizo huziita likizo.

Mkazi wa London anayetoka Tanga, Unguja au Lamu hahitaji kufafanuliwa utaratibu huo, kwa kuwa ndio aliolelewa nao. Katika jumuiya za Waafrika Mashariki mjini humo, safari ya pwani wakati wa kiangazi mara nyingi huwa ya basi la kukodi, na ndani yake huwamo sufuria la pilau lililofungwa kwa taulo, chupa za chai, mikeka, na watoto wanaomwita kila rafiki wa mama yao anti. Msafara wa namna hii hukosea jambo moja tu, nalo ni kudhani kwamba wingi wa watu wazima ni ulinzi. Watu wazima kumi wanaozungumza huku kila mmoja akiamini kuwa mwenzake anatazama majini ni sawa na kutokuwa na mtu hata mmoja. Afadhali zamu ya nusu saa yenye jina la mtu, ambaye katika muda huo hapakui pilau wala hashiki simu, kisha anampokeza mwenzake na kwenda kujinyoosha mkekani akiwa huru kweli.

Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka saba, chaguo la busara ni Southend, iliyo kwenye mlango wa mto Thames, mwendo wa saa moja hivi kwa garimoshi kutoka kituo cha Fenchurch Street. Brighton ina jina kubwa zaidi, lakini ufukwe wake ni wa mawe ya mviringo yanayoumiza nyayo, na chini ya maji huteremka ghafla, jambo lisilomfaa mtoto anayejifunza kutembea. Southend ina mchanga, maji yake ni ya kina kifupi, na ina gati la kilometa 2.16, ambalo ni refu kuliko magati yote ya burudani duniani na lina garimoshi lake dogo la kuwapeleka watu mpaka mwisho. Urefu huo haukuwa wa kujionyesha, kwani maji yanapokupwa bahari hurudi nyuma zaidi ya kilometa moja, ikiacha uwanda wa matope ambao meli hazingeweza kuuvuka.

Hapo ndipo ujuzi wa Mswahili unapofaa. Familia inayofika saa ya maji kupwa hukuta matope na hukasirika kana kwamba imeibiwa, ilhali jedwali la maji hutangazwa miezi mingi kabla, na anayetaka kuogelea hupanga afike saa mbili hivi kabla ya maji kujaa. Matope yale yana utajiri wake pia, maana hapo jirani, Leigh-on-Sea, wavuvi huvua kombe wadogo ambao huchemshwa na kuuzwa kwa siki. Hata hivyo hayafai kutembelewa ovyo kama inavyotembelewa miamba ya Paje kule Unguja, kwa sababu maji hurudi upesi na kuyazunguka mafungu kutoka nyuma. Kituo cha uokoaji cha Southend, kilicho chini ya RNLI, taasisi ya hisani iliyoanzishwa mwaka 1824, kina chombo maalumu kinachoelea juu ya tabaka la hewa kwa ajili ya watu walionasa humo. Namba ya dharura ni 999, na anayepiga huomba walinzi wa pwani.

Baridi ya maji ni jambo la pili. Hata Agosti bahari ya Southend haipiti sana nyuzi 18 au 19, ambapo ya Zanzibar huwa kati ya nyuzi 25 na 29, hivyo mtoto hutolewa majini kabla midomo haijakakamaa, hukaushwa na kuvikwa sweta, hata kama jua linawaka. Upepo unaotoka nchi kavu hubeba maboya na vichezeo vya kupuliza hadi kina kirefu, na mtoto aliyekalia kimojawapo hubebwa pamoja nacho.

Kuhusu gharama, garimoshi huwabeba bure walio chini ya miaka 5, na kadi ya punguzo iitwayo Family & Friends huwafaa marafiki wanaosafiri pamoja, kwa kuwa hupunguza theluthi ya nauli ya watu wazima hadi wanne na asilimia 60 ya nauli ya watoto wanne wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Kishawishi cha kusafiri siku za masomo, wakati bei za malazi ziko chini, kina adhabu yake, kwani mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua dhidi ya baba aliyemtoa bintiye shuleni kwa ajili ya likizo, na tangu Agosti 2024 faini huanzia pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto. Jumatatu ya sikukuu ya benki nayo iepukwe, kwa sababu siku hiyo nusu ya mji huonekana kuwa ndani ya behewa moja.

Wasio na nauli kabisa wana Ruislip Lido, magharibi mwa London, ambako pembeni ya bwawa lililochimbwa mwaka 1811 kuna ufukwe wa mchanga, uwanja wa michezo na garimoshi dogo linaloendeshwa na watu wanaojitolea. Kuingia ni bure, kama mfalme alivyoahidi kwa Tower Beach, lakini kuogelea hakuruhusiwi.