Homa ya Ini na Limfoma: Uhusiano Usiofahamika na Wengi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii inaafiki hali ya mtu anayeishi na virusi vya homa ya ini kwa miaka na mikaka bila kuhisi lolote. Inafahamika kwamba homa ya ini sugu, ya aina ya B na C, huweza kuleta makovu na hatimaye saratani ya ini. Lisilofahamika sana ni kwamba virusi hivyo huhusishwa pia na limfoma, yaani saratani ya limfositi, ambazo ni chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Makala haya yanadhamiria kufafanua uhusiano huo.

Wazo kwamba virusi huweza kuchangia limfoma si geni Afrika Mashariki. Mnamo 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1964, virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo.

Virusi vya homa ya ini ya C vilitambuliwa mwaka 1989. Visipoondoka mwilini, huzichokoza limfositi za aina ya B bila kikomo. Zinapochokozwa, limfositi hizo hugawanyika na kuongezeka, na kila mgawanyiko hutoa mwanya wa kosa kutokea katika jeni. Makosa yakilimbikizana, seli moja huweza kuasi na kuzaana ovyo.

Ushahidi mzito ulitolewa na watafiti wa Ufaransa mnamo 2002. Waliwatibu kwa interferoni wagonjwa 9 waliokuwa na limfoma ya wengu pamoja na virusi vya C. Katika wagonjwa 7, virusi vilipotoweka, limfoma nayo ilitoweka. Je, huenda dawa yenyewe ndiyo iliyoua saratani? La hasha! Wagonjwa 6 wenye limfoma iyo hiyo lakini wasio na virusi walipewa dawa hiyo wasipate nafuu.

Kwa jumla, virusi vya B au C hukadiriwa kuongeza hatari ya limfoma takriban maradufu. Hata hivyo, msomaji asitishike. Limfoma si ugonjwa wa kawaida, na wengi wenye virusi hivi hawaipati kamwe.

Fauka ya hayo, uhusiano huu una umuhimu katika tiba. Rituksimabu, dawa itumiwayo kutibu limfoma nyingi, huangamiza limfositi B. Kinga ikipungua, virusi vya B vilivyolala huweza kuamka na kuliharibu ini hata kusababisha kifo. Kwa hivyo, mgonjwa hupaswa kupimwa damu kabla ya kuanza tiba, na akipatikana na virusi, apewe dawa za kuvidhibiti.

Habari njema ni kwamba homa ya ini ya B ina chanjo, ambayo watoto nchini Kenya wamekuwa wakipewa katika chanjo za kawaida tangu 2001. Aina ya C haina chanjo, lakini vidonge vya kisasa huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, aghalabu kwa wiki 8 hadi 12.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Watu wengi huchanganya homa ya ini na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu. Aliyechanganyikiwa hivyo atatafuta chandarua ilhali anahitaji kupimwa damu. Hata istilahi "homa ya ini" hupotosha, kwani aina sugu aghalabu haina homa, na asiyehisi joto mwilini hudhani yu mzima. Istilahi tuzitumiazo katika tafsiri za afya basi zaweza kumfikisha mtu hospitalini mapema au kumchelewesha. Tuziteue kwa uangalifu, nasi tukapimwe.