Jeni Ile Ile, Amri Tofauti: Damu ya Mtu na ya Nyani

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipowasili Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, homa zilikuwa zimewaandama tangu pwani. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipitisha pembe, nguo na shanga. Ilipitisha pia vimelea ndani ya damu ya wasafiri. Wengine walitokea Uarabuni na Uhindi, ambako malaria ya vivax imezoeleka. Hata hivyo, vivax haikushamiri Unyamwezi, eneo la Tabora.

Sababu kubwa ni jeni iitwayo Duffy. Hutengeneza protini inayokaa juu ya chembe nyekundu za damu, nayo vivax huifanya mlango wa kuingilia. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba, kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, jeni yenyewe ni nzima. Kilichobadilika ni herufi moja ya DNA iliyo mbele yake, pale chembe changa za damu zinapopokea amri ya kuiwasha. Amri haifiki, basi chembe nyekundu zinakosa protini hiyo, ilhali mishipa ya damu inaendelea kuitengeneza kama kawaida. Kwangu mimi hapa ndipo penye ajabu: jeni imezimwa pale tu inapoleta hatari.

Nyani wa manjano, wanaopatikana pia katika miombo ya magharibi mwa Tanzania, wana adui wao: Hepatocystis, kimelea wa ukoo wa malaria anayeenezwa na usubi. Mwaka 2009 Jenny Tung na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, wanaofuatiliwa tangu 1971. Tofauti katika eneo la amri la jeni hiyo hiyo ya Duffy ziliendana na uwezekano wa kuambukizwa, na zilibadilisha kiwango cha jeni kufanya kazi. Ukoo wetu na wao ulitengana zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, hivyo kila upande ulibadilika kivyake.

Hata hivyo, mtu wa Tabora asiache chandarua: falciparum, malaria kuu ya huko, huingia kwa njia nyingine.

Mabadiliko ya Duffy kwa binadamu hupunguza pia neutrofili, chembe nyeupe za kinga, zinazohesabiwa kwenye damu, bila mtu kuwa mgonjwa. Lakini viwango vingi vya maabara vilipangwa kwa damu ya Wazungu. Mwafrika mwenye afya huonekana ana upungufu, na akihitaji dawa za saratani anaweza kucheleweshewa tiba bure.