Betri ya Bei Nafuu: Nani Atafaidi Mapinduzi ya Gari la Umeme?

Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani yalizidi milioni 17, tukihesabu pia yale yanayotumia umeme na petroli kwa pamoja. Maana yake ni kuwa katika kila magari mapya matano, zaidi ya moja lilikuwa la umeme. Nchini China lilikuwa karibu gari moja katika kila mawili. Mabadiliko haya hayakuletwa na huruma ya mabepari kwa hewa ya dunia. Yameletwa hasa na jambo moja: betri imekuwa rahisi.

Wako ndugu zetu wanaosikia habari hii na kufurahi kwamba Afrika, yenye kobalti, nikeli, kinywe na lithiamu, sasa itatajirika bila jasho. Fikra hiyo ni ya hatari. Makala haya yanaeleza jinsi betri ilivyoshuka bei, na kwa nini kushuka huko ni onyo kwa kila nchi inayotegemea kuuza mawe.

Gharama iko wapi?

Gari la umeme lina vipuri vichache kuliko la petroli. Halina pistoni wala plagi, na halihitaji kubadilishiwa oili ya injini. Kinacholifanya liwe ghali ni betri. Uwezo wa betri hupimwa kwa uniti za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Mwaka 2010 betri ya kuhifadhi uniti moja iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Gari la familia linalohitaji uniti 60 lingebeba betri ya zaidi ya dola 60,000 mwaka 2010. Kwa bei ya mwaka 2024 betri hiyo hiyo ni kama dola 6,900. Ndiyo maana nchini China, mwaka huo wa 2024, karibu theluthi mbili ya magari ya umeme yaliuzwa kwa bei ya chini kuliko magari ya petroli ya kiwango chake, hata bila ruzuku kwa mnunuzi.

Ndani ya betri

Betri ya lithiamu ina ncha mbili, hasi na chanya, na kati yake yamo majimaji yanayopitisha chembe za lithiamu. Tunapoichaji, chembe hizo husukumwa kutoka ncha chanya zikaenda kujipenyeza katika matabaka ya kinywe yaliyoko ncha hasi. Gari linapotembea, chembe zinarudi zilikotoka, na umeme unapita kwenye nyaya na kuzungusha mota. Kinachotofautisha betri ghali na betri rahisi ni hasa kile kilichowekwa katika ncha chanya.

Historia ya betri hii ina mafunzo. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, mataifa ya viwanda yalishtuka. Katika kampuni ya mafuta ya Exxon, huko Marekani, mwanasayansi Stanley Whittingham alitengeneza betri ya lithiamu inayochajiwa tena. Hofu ya upungufu wa mafuta ilipopungua, kampuni hiyo iliachana na mradi huo. Hivyo ndivyo ubepari unavyoendesha sayansi: faida ikionekana, uvumbuzi hulelewa, faida ikififia, uvumbuzi hutupwa, hata kama binadamu wanauhitaji. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kuwa ncha chanya yaweza kutengenezwa kwa kobalti. Akira Yoshino wa Japani akaendeleza kazi hiyo mwaka 1985, na kampuni ya Sony ikaingiza betri hiyo sokoni mwaka 1991. Wanasayansi hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Kobalti yapata mpinzani

Kobalti ni ghali, na karibu robo tatu ya ile inayochimbwa duniani hutoka nchi moja, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenye viwanda hawapendi kumtegemea muuzaji mmoja. Kwanza walipunguza kobalti kwa kuichanganya na nikeli na manganizi. Kisha wakaigeukia njia nyingine. Mwaka 1997 Goodenough na wenzake, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Texas, walitangaza ncha chanya iliyotengenezwa kwa chuma na fosfeti. Chuma kimejaa duniani, na fosfeti ndiyo hiyo inayotengenezewa mbolea.

Betri ya chuma na fosfeti ina kasoro. Kwa uzito ule ule hubeba umeme mdogo kuliko ya nikeli na kobalti, na hulegea zaidi katika baridi kali. Lakini haishiki moto kwa urahisi, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Wahandisi wa China, wakiwamo wa kampuni za BYD na CATL, walipunguza kasoro ya kwanza kwa kupanga seli moja kwa moja ndani ya sanduku la betri bila makasha ya katikati, na hivyo kuingiza umeme mwingi zaidi katika nafasi ile ile. Kufikia mwaka 2024 betri za chuma na fosfeti zilikuwa karibu nusu ya soko la dunia la betri za magari ya umeme, na bei yake ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30.

Na safari haijaisha. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ilitangaza betri ya sodiamu, yaani yenye asili ya chumvi, isiyohitaji hata lithiamu. Kinywe nacho kina mpinzani, kwani huweza kutengenezwa kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta.

Mchimbaji na maabara

Tutazame yaliyomkuta jirani yetu. Mwaka 2022 tani moja ya kobalti ilizidi dola 80,000. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000. Sababu zilikuwa mbili: kobalti ilichimbwa kwa wingi kupita mahitaji, na betri zisizo na kobalti zilipunguza mahitaji hayo. Februari 2025 Serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, na Oktoba mwaka huo ikaweka kiwango maalumu cha kuuza. Bei ikapanda. Hiyo ni haki ya kila taifa huru juu ya mali yake. Lakini kila bei inapopanda, mwenye kiwanda anapata sababu mpya ya kuikimbia kobalti. Mchimbaji wa Kolwezi anayechimba kwa sururu hana kauli katika jambo hili. Thamani ya jasho lake hupunguzwa katika maabara asiyoijua, na watu wasiomjua.

Sisi Watanzania hatuna sababu ya kushangaa. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Viwanda vya kemikali vilipotengeneza kamba za plastiki, soko la mkonge likaporomoka, na mashamba mengi ya Tanga na Morogoro yakageuka vichaka. Yalikuwapo pia makosa yetu wenyewe ya uendeshaji, lakini chanzo kikubwa ni hicho: sisi tulikuwa na shamba, wenzetu walikuwa na maabara.

China ilifanyaje?

China haikuwa na kobalti ya maana. Ilikuwa na mpango. Mwaka 2009 serikali yake ilianza kuagiza miji iliyochaguliwa itumie magari ya umeme kwanza katika huduma za umma. Kufikia mwisho wa mwaka 2017 mji wa Shenzhen ulikuwa umebadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yakawa ya umeme. Soko hilo la umma liliwapa viwanda uhakika wa kuzalisha kwa wingi. Uzalishaji wa wingi uliwapa wafanyakazi uzoefu. Na uzoefu ulishusha bei. Leo zaidi ya robo tatu ya betri za magari ya umeme hutengenezwa nchini humo, na huko ndiko kinywe kingi cha dunia kinakosafishwa. Tusidanganyane: kampuni nyingi kati ya hizo ni za watu binafsi na zinatafuta faida. Tunachojifunza ni kwamba dola ilipanga, ikaongoza, na ikavumilia kwa miaka mingi.

Kazi iliyo mbele yetu

Kwanza, kusindika na kujifunza. Sheria za mwaka 2017 zilithibitisha mamlaka ya wananchi juu ya maliasili, na leo Serikali ina hisa za asilimia 16 katika miradi ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na kinywe cha Mahenge. Hiyo ni hatua. Lakini hisa ni mgawo wa mapato ya mgodi; siyo ujuzi. Tuna chuma Liganga, fosfeti Minjingu na magadi Ziwa Natron, na bado hatuna betri. Kada anayesoma mkataba wa madini asiishie kuuliza mrabaha ni kiasi gani. Aulize pia: ni wanakemia na mafundi wangapi Watanzania watakaofunzwa, na madini yatasindikwa hadi hatua gani kabla ya kupanda meli?

Pili, kuanza na usafiri wa wengi. Mafuta yote ya magari yetu huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Umeme tunauzalisha wenyewe, na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji, ilitangaza mwezi Januari 2024 kupiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli. Si lazima tuige kila kitu, lakini hesabu yao inaeleweka. Sisi tuanze na bodaboda, bajaji na mabasi ya mijini. Betri ya bodaboda ni ya uniti chache tu, na kijana anayeiendesha huona nafuu ya mafuta kila siku. Gari la kifahari la bwana mkubwa laweza kusubiri.

Tatu, kujihadhari na jalala. Gari la umeme la mtumba likiletwa na betri iliyochoka, mnunuzi amenunua sanduku la takataka zenye sumu. Viwango vya kupima betri kuukuu viwekwe mapema, na vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kuzikarabati na kuzirejesha viwandani.

Azimio la Arusha lilituonya mwaka 1967 tusiifanye fedha kuwa silaha ya maendeleo, maana silaha hiyo hatuna. Leo tusiyafanye mawe kuwa silaha hiyo, maana mwenye maabara anaweza kuinyang'anya makali siku yoyote. Ardhi yetu tunayo. Kilichobaki ni kuongeza maarifa ya watu wetu, na maarifa hayo hayapitwi na wakati kwa sababu ya kemia mpya, ndiyo yanayoizaa.

Maswali ya kujadili matawini

1. Kwa nini kupanda kwa bei ya madini kunaweza kumdhuru baadaye yule anayeyachimba?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuwa na hisa katika mgodi na kuwa na ujuzi wa kusindika madini?
3. Katika wilaya yenu, ni usafiri upi wa wananchi unaoweza kuanza kutumia umeme, na nani aumiliki?