Mfupa Wenye Usaha: Maumivu na Kazi ya Muuguzi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi vijidudu, hasa stafilokoki, vinavyosafiri na damu hadi ndani ya mfupa wa mtoto, na kwa nini watoto wa SS (selimundu) hupatwa zaidi. Leo tuyaangalie maumivu yenyewe.

Jipu la mkononi huuma, lakini nyama huvimba na usaha ukapata nafasi. Mfupa haupanuki. Usaha ukijaa ndani hubana, kisha husukuma utando unaoufunika mfupa, na utando huo una neva tele. Ndiyo maana mtoto hupiga kelele hata shuka likimgusa mguu. Hapa Kasenga, Kongo, wengi hudhani ameteguka kwenye mpira, wakaanza kumkanda kwa maji ya moto na mawese. Naomba tuache. Kukanda hakutoi usaha. Kunamzidishia mtoto mateso na kumchelewesha kufika hospitali, na siku hizo zinazopotea ndizo huua mfupa.

Muuguzi anayeijua kazi yake haanzi kwa kukisia. Mtu mzima humuuliza ataje namba, toka 0 mpaka 10. Mtoto humwonyesha picha za nyuso, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Jibu huliandika kwenye fishi pamoja na joto la mwili, na huuliza tena dawa ikishaingia mwilini. Namba ikizidi kupanda ilhali antibiotiki zinaendelea, daktari aitwe mara moja: huenda usaha unangoja kisu.

Mguu wenyewe ufungwe gango, ulazwe juu ya mto au kikwembe kilichokunjwa. Wakati wa kumgeuza, mkono mmoja ushike juu ya penye ugonjwa na mwingine chini yake, taratibu, mgonjwa akiwa ameambiwa. Nimewahi kuona mtoto akinyanyuliwa kwa kisigino peke yake. Kilio kile sijakisahau.

Parasetamoli itolewe kwa saa zake, kwa kipimo cha uzito, isingoje machozi. Siku ya kubadilisha bendeji, itangulie nusu saa au saa nzima. Maumivu makali zaidi yanataka morfini, na hapa ndipo hofu yetu inapowaumiza wagonjwa. Jirani zetu Uganda, tangu 2004, wamewaruhusu kisheria wauguzi waliofunzwa tiba ya kutuliza kuandika morfini wao wenyewe, kazi iliyosukumwa na Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Morfini ikishatolewa, muuguzi huhesabu pumzi za mgonjwa na kuangalia choo kisifunge. Kwangu mimi, nchi yetu ingefuata njia hiyo.

Nawe mama unayelala chini ya kitanda cha mwanao, wewe ndiwe unayemjua kuliko sisi sote. Ukiona dawa imeisha nguvu kabla ya saa yake, usione haya: mwamshe muuguzi, hata iwe saa nane za usiku.

(Itaendelea)